Kadi Ilitumika Nikiwa Kisimani Hombolo

Ushauri mwingi unaozagaa mtandaoni kuhusu wizi wa kadi umeandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani na Uingereza, wenye kadi za mkopo. Mwizi akiitumia kadi ya namna hiyo, anakuwa amekula hela ya benki. Mwenye kadi anapinga muamala, anasubiri majibu, na mshahara wake uko palepale. Marekani wana sheria inayosema hasara ya mwenye kadi ya mkopo haizidi dola 50. Sisi wengi wa Dodoma, kuanzia mtumishi wa Mtumba hadi fundi kama mimi, tunatembea na kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti. Ikitumiwa na mwingine, ada ya mtoto imeondoka leo hii. Hata huko Marekani wenye kadi za aina yetu wana kinga nyembamba: kadi ikipotea au kuibiwa, ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue, hasara yako inaishia dola 50, ukichelewa inaweza kufika 500, na ukiacha siku 60 zipite tangu upewe taarifa ya akaunti, yatakayoibwa baada ya hapo ni mzigo wako. Kwa hiyo ukimsikia kijana wa YouTube anasema "usiwe na wasiwasi, benki itarudisha", kwanza uliza anazungumzia kadi gani.

Kazi yangu ni pampu za sola. Wateja wangu wengi ni wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mbabala na Mpunguzi, watu wanaovuna mara mbili kwa mwaka na ambao pampu ikigoma mavuno yakikaribia hawataki kusikia habari za vipuri. Pampu yenyewe mara nyingi haina shida. Kinachokufa ni kontrola, lile boksi linalopokea umeme wa paneli na kuupanga kabla haujaenda kwenye mota. Kariakoo watakuuzia seti nzima, lakini kontrola peke yake, tena ya modeli ya zamani kidogo, utaizunguka Kariakoo mpaka jioni na utarudi mikono mitupu. China ipo, inauzwa kwenye masoko ya mtandaoni kwa bei isiyofika hata robo ya seti mpya. Ndiyo maana kadi yangu imezoea kununua mbali.

Siku hiyo pampu ilikuwa inaning'inia katikati ya kisima, mimi na msaidizi wangu tumeshika kamba. Simu iko kwenye begi chini ya mti. Mzee mwenye shamba ndiye aliyesikia.

"Fundi, simu yako inalialia."

"Iache tu mzee wangu, wakinitaka watapiga tena."

Hazikuwa simu. Zilikuwa meseji tatu za benki. Ya kwanza ilisema kadi yangu imelipia dola 1. Ya pili dola 149. Ya tatu dola 310. Zilifuatana haraka, na jina la muuzaji lilikuwa herufi kubwa zilizokatwa katikati, halafu mji ambao sijawahi kuusikia. Kadi yenyewe ilikuwa kwenye waleti, waleti mfukoni, nami nimelowa matope hadi magotini.

Ile dola moja ndiyo ya kuiangalia. Wezi wa kadi hawaanzi na kiasi kikubwa. Wanapima kwanza kwa kiasi kidogo kuona kama kadi iko hai, na ikikubali ndipo wanakuja na haja yao. Wengi wakiona makato madogo namna hiyo wanadhani ni makato ya benki, na kwa wingi wa makato ya benki zetu siwalaumu. Lakini ukiona meseji ya dola moja, au ya shilingi mia kadhaa kwa muuzaji usiyemjua, hapo una dakika chache mkononi. Mimi dakika hizo nilizimalizia kisimani.

Nilichofanya kwanza hakikuwa kupiga simu benki. Nilifungua programu ya benki nikahamisha salio lote lililobaki kwenda kwenye akaunti ya mama watoto. Sababu ni nyepesi: huduma kwa wateja itakuwekea muziki, itakuambia simu yako ni muhimu sana kwao, na muda wote huo kadi iko hai. Akaunti ikiwa tupu, mwizi hana cha kuchukua hata kama kadi bado inafanya kazi. Ndipo nikaingia sehemu ya kadi nikaizima, halafu nikapiga simu na kuwaambia waifungie moja kwa moja. Kuizima mwenyewe kwenye programu ni kuisimamisha tu, unaweza kuirudisha. Kuifungia ni kuiua, upewe nyingine yenye namba mpya. Kama namba imeshatoka nje, ni ya kuua. Nikamwomba dada wa simu anipe namba ya kumbukumbu ya malalamiko, nikaiandika nyuma ya risiti ya mafuta. Kisha tukarudi kumalizia pampu, maana isingeweza kulala inaning'inia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa tawini. Karani wa dirishani alisoma meseji zangu akarudisha simu.

"Kaka, hapa lazima kuna mtu ulimpa namba ya siri."

Neno hilo utalisikia, na ukiwa hujui kadi inavyofanya kazi utaondoka umeinamisha kichwa. Namba ya siri ni ya ATM na ya mashine za kulipia dukani. Ununuzi wa mtandaoni hauihitaji. Unahitaji namba 16 zilizo mbele ya kadi, tarehe ya kuisha na tarakimu tatu za nyuma. Vyote hivyo vimeandikwa kwenye plastiki, kila uliyemkabidhi kadi hotelini au kwenye kituo cha mafuta ameviona. Nilimwambia karani kwa upole kwamba naomba kuonana na kitengo cha kadi.

Dada wa kitengo cha kadi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alifungua miamala yangu, akaangalia, akaniuliza swali moja: "Ulipokea meseji yoyote ya namba za kuthibitisha?" Nikamwambia hapana, na simu hii hapa aitazame. Akasema hiyo ndiyo bahati yangu. Maduka mengi ya mtandaoni, kabla hayajapokea hela, yanairudisha kazi kwa benki yako, nayo inakutumia namba za mara moja kwenye simu uziandike. Maduka mengine ya nje hayatumii utaratibu huo, au yanauruka ili mteja asichoke akaondoka. Duka likiuruka kisha ikaja kugundulika ni wizi, kwa kawaida hasara inaelekezwa upande wa duka. Lakini zile namba zikiwa zimeingizwa, kwenye kumbukumbu za benki wewe ndiye uliyeidhinisha, na hapo kesi yako imekuwa ngumu kabla hujaandika barua. Mpaka siku hiyo namba za kuthibitisha nilikuwa nazichukulia kama usumbufu. Kumbe ndizo zinazoamua hasara inamwangukia nani.

Aliniambia pia jambo ambalo lilinikera lakini lina mantiki. Muamala wa dola 310 ulikuwa bado haujakamilika, benki imeushikilia tu ikisubiri duka lidai. Muamala ulioshikiliwa huwezi kuupinga rasmi mpaka ukamilike. Hela yako huioni, na kuidai huwezi. Nilijaza fomu ya kupinga ile miwili, nikarudi baadaye kuongeza wa tatu. Kanuni za Visa kwa kawaida zinatoa siku 120 za kufungua mgogoro wa aina hii, lakini benki nyingi zinataka fomu mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo mtu asizihesabu siku hizo kama likizo.

Namba yangu ilitokaje? Hadi leo sijui. Nilikuwa na duka kubwa lililohifadhi kadi yangu, huenda ilivuja huko. Inawezekana pia haikutoka popote, ilibahatishwa tu. Dada yule alinieleza nami nikaenda kulisoma mwenyewe, nikagundua hesabu yake inaogopesha. Zile tarakimu 16 hazipangwi ovyo. Sita au nane za mwanzo zinaitambulisha benki iliyotoa kadi, na tangu Aprili 2022 Visa na Mastercard zimehamia kwenye nane. Ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi, inapatikana kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, iliyopewa hataza mwaka 1960. Kwa hiyo mwenye kujua nane za mwanzo za benki fulani amebakiwa na saba za kubahatisha, yaani kadi milioni 10, na ya mwisho anaikokotoa. Tarehe ya kuisha kwa kadi ya miaka mitano ina miezi 60 tu. Tarakimu tatu za nyuma zina namna 1,000. Mara 60, ni 60,000. Kwa binadamu ni kazi ya kuzeekea; kwa kompyuta inayojaribu kwenye maduka mengi kwa wakati mmoja ni kazi ya kawaida. Ndiyo maana nashangaa mtu anaposema "mimi siwezi kuibiwa, kadi yangu sijawahi kumwonyesha mtu".

Sasa hebu nisimulie simu, maana hiyo ndiyo ingenimaliza.

Haikupita muda mrefu tangu nijaze fomu, ikaingia simu ya namba ya kawaida, sauti ya kiume, Kiswahili cha ofisini.

"Habari za saa hizi bosi wangu. Naongea na wewe kutoka kitengo cha kadi makao makuu. Tumeona kuna miamala ya wizi kwenye kadi yako inayoishia na…" Akazitaja nne za mwisho. Ni zenyewe.

Nikamwambia ndiyo.

"Pole sana. Sasa tunarudisha hela yako leo hii. Utapokea meseji yenye namba sita, hizo ndizo zinafungua marejesho. Utanisomea."

Meseji iliingia akiwa bado hewani. Niliisoma kwa macho. Haikusema chochote kuhusu marejesho. Ilisema namba hizi ni za kusajili programu ya benki kwenye simu mpya, na usimpe mtu yeyote. Nikamwuliza, "Kaka, nimejaza fomu tawi gani?" Kimya kidogo. "Bosi, mfumo unaonyesha Dodoma." Dodoma ina matawi mangapi? Nikamwambia nitapita tawini mwenyewe mchana. Sauti ikabadilika, ikawa ya haraka: nisipofanya sasa hivi marejesho yanafutwa, mfumo unafungwa saa sita. Nikakata.

Nne za mwisho zinachapishwa kwenye risiti za mashine, zinatokea kwenye meseji, zinabaki kwenye maduka ya mtandaoni. Kuzitaja hakuthibitishi kitu. Na aliyekwisha kuibiwa ndiye windo bora, kwa sababu anasubiri simu ya benki na anatamani kuambiwa hela inarudi. Zile namba sita zilikuwa za kuhamisha benki yangu nzima kwenda kwenye simu yake. Na ile kinga niliyoelezwa kitengo cha kadi, ya kwamba sikuidhinisha kitu, ingeishia hapo.

Namba yake niliiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Unautuma ujumbe wa kitapeli kwenda hapo, mfumo unakuuliza namba iliyohusika, unaiandika. Haichukui muda na haina kwenda ofisini. Siku hiyohiyo nikabonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Tapeli akishashindwa kukudanganya mdomoni anaweza kujaribu kuichukua laini yako, apokee mwenyewe meseji za benki. Simu yako ikikosa mtandao ghafla ilhali wa jirani yako mtandao huohuo upo, usisubiri jioni, nenda kwenye duka la kampuni ya simu.

Polisi pia nilienda, kwa ushauri wa kitengo cha kadi, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Askari wa zamu alikuwa muungwana, akaandika, akaniuliza mshukiwa ni nani. Nikamwambia afande, ni mji huu hapa kwenye meseji. Tukacheka wote wawili. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake, ila sikuenda pale nikitegemea mtu kukamatwa. Nilitaka karatasi ya kuambatanisha kwenye barua.

Hela ilirudi. Ilichukua wiki kadhaa, ile miamala miwili mikubwa ikaingia kwa tarehe tofauti bila meseji ya maelezo. Ukikokotoa kwa shilingi haikutimia: dola ilikuwa imeshuka kidogo kati ya kukatwa na kurudishwa, na ada ya muamala wa nje haikurudi. Ile dola moja nayo haikurudi. Nilipouliza niliambiwa inafuatiliwa, nikaona wanifuatilie wao.

Ninavyonunua sasa hivi kumebadilika kwa jambo moja kubwa, mengine ni nyongeza. Akaunti yenye kadi ya mtandaoni haina hela. Malipo ya wateja yanaingia akaunti nyingine isiyo na kadi kabisa. Nikitaka kontrola ya laki tatu, nahamisha laki tatu na kidogo cha ada, nanunua, akaunti inarudi kuwa tupu. Asiyetaka akaunti mbili za benki anaweza kutumia kadi za simu: kadi isiyo na plastiki, inayochota kwenye salio la simu. Ni kanuni ileile: kadi inayoweza kuibiwa isishike akiba yako.

Kadi haihifadhiwi dukani. Wanakuuliza kila mara kama wakuwekee ili kesho usisumbuke. Mimi acha nisumbuke. Na zile tarakimu tatu za nyuma, viwango vya usalama vya kampuni za kadi vinakataza duka kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, kwa hiyo duka "linalozikumbuka" linanipa mashaka badala ya raha. Alama ya kufuli juu ya ukurasa siitegemei. Inasema tu kwamba mawasiliano yenu hayasikilizwi njiani. Haisemi unayewasiliana naye ni mtu mwema, na tovuti ya tapeli nayo ina kufuli.

Ila nikiwa mkweli, watu wengi ninaowafahamu hapa Nkuhungu hawaibiwi kwa kadi. Wanaibiwa Instagram. Duka linajiita la Kariakoo, picha nzuri, bei ya chini kidogo kuliko kawaida, "tunatuma mikoani kila siku". Unatuma hela, unaambiwa mzigo umepanda basi, unaenda stendi ya Nanenane kuusubiri. Halafu unablokiwa. Pesa ya simu iliyotumwa kwa hiari yako haina fomu ya kupinga kama ya kadi. Kampuni ya simu inaweza kuizuia kama hujachelewa na yule hajaitoa, na matapeli wanatoa dakika hiyohiyo. Kwa ununuzi wa ndani mimi naangalia jina linalokuja kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri. Duka linaloitwa hivi, jina la mpokeaji ni la mtu tofauti kabisa, na lipa namba hawana? Hapana. Kama ni hela ya maana, nina binamu Dar, namwomba apite dukani alipie mkono kwa mkono. Nauli yake ya daladala na soda nalipia, na bado nimeokoa.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mwalimu kule Kongwa, naye alikatwa kwa kadi. Alikuja jioni amekasirika, ameandika barua kurasa tatu inayoanza na historia ya yeye na benki hiyo tangu afungue akaunti. Tuliiandika upya. Tarehe na saa ya kila muamala kama ilivyo kwenye meseji, kiasi kwa dola na kwa shilingi, jina la muuzaji kama lilivyoandikwa hata kama halisomeki. Kisha sentensi hii: "Miamala hii sikuifanya, sikuiidhinisha, na sikupokea wala kumpa mtu yeyote namba ya uthibitisho." Kisha saa aliyopiga simu na namba ya kumbukumbu aliyopewa. Viambatanisho: picha za meseji, taarifa ya akaunti, RB. Mwisho, anaomba ajibiwe kwa maandishi. Hilo la maandishi lina sababu: ukitaka kupeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina ofisi hapahapa Dodoma, lazima uonyeshe kwamba ulianza na benki yako. Tulichapa nakala mbili.

Karani alitaka kuichukua barua na kumwambia shemeji aende tu, watampigia. Shemeji akasema atasubiri nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Akaambiwa mwenye muhuri ametoka kula. Akavuta kiti.